Matusi katika gemu za mtandaoni: hasira inatoka wapi?

Na Mwandishi Wetu

KIJANA wa Kahororo, katika Manispaa ya Bukoba, anayeketi benchi moja na jirani yake kucheza soka la kwenye runinga, ana mambo mengi ya kufikiri kabla ya kufungua mdomo pale anapofungwa bao la dakika za mwisho.

Jirani huyo anamfahamu baba yake. Padi iliyo mkononi ni mali ya mwenye banda, ambaye hasiti kumtoa nje yeyote anayeitupa chini. Nyuma yao wamesimama wenzao wanaosubiri zamu, na kesho wote watapishana njiani kuelekea sokoni au shuleni.

Kijana huyo huyo akiingia mchezoni usiku kwa simu yake, akapambana na mtu asiyemjua aliye katika nchi asiyoijua, hakuna hata kizuizi kimoja kati ya hivyo kinachobaki. Mara nyingi hapo ndipo matusi huanza, tena matusi ambayo aliyeyatamka asingethubutu kuyarudia mbele ya mtu yeyote wa mtaani kwake.

Swali linaloulizwa na wazazi, walimu na wachezaji wenyewe ni kama michezo hiyo inawaharibu vijana, au inafichua tu kile kilichokuwa ndani yao. Utafiti uliofanyika kwa zaidi ya miaka 15 iliyopita unatoa jibu ambalo pengine halitawafurahisha wanaolaumu damu inayomwagika kwenye skrini, wala wale wanaosema kwamba huo ni mchezo tu.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kupuuzwa. Mwaka 2019, taasisi ya Marekani ya Anti-Defamation League, ADL, iliwahoji watu wazima wa nchi hiyo wanaocheza michezo ya mtandaoni yenye wachezaji wengi. Asilimia 74 kati yao walisema waliwahi kusumbuliwa kwa namna moja au nyingine wakiwa mchezoni, kuanzia kuitwa majina mabaya hadi kutishiwa.

Utafiti huo huo ulionyesha kuwa asilimia 88 walikuwa wamepata pia mambo mema humo, kama vile urafiki na msaada kutoka kwa wachezaji wengine. Takwimu hizi mbili hazipingani. Uwanja mmoja huzaa marafiki na maadui, wakati mwingine ndani ya usiku mmoja.

Yapo pia matukio yaliyovuka skrini. Desemba 2017, wachezaji wawili wa gemu ya Call of Duty nchini Marekani waligombana kwa sababu ya dau la dola moja na nusu. Mmoja wao alimwomba mtu wa tatu apige simu ya uongo polisi, adai kuwa kuna mauaji na mateka katika nyumba iliyodhaniwa kuwa ya mpinzani wake mjini Wichita, jimbo la Kansas.

Anwani iliyotolewa haikuwa ya mpinzani huyo. Polisi walizingira nyumba hiyo, na mwanamume mwenye umri wa miaka 28, ambaye hakuwa na habari yoyote ya mchezo huo, akapigwa risasi na kufariki mlangoni pake. Aliyepiga simu alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miaka 20 jela.

Tukio hilo ni la nadra mno, na si haki kulitumia kuwatisha wazazi wa Bukoba au Muleba. Hata hivyo linaonyesha jinsi ugomvi wenye thamani ya soda moja unavyoweza kukua pale ambapo wagombanao hawaonani.

Si damu, ni ushindani

Kwa muda mrefu lawama zilielekezwa kwenye maudhui. Gemu zenye bunduki na mapanga zilidhaniwa kuwa ndizo zinazowafanya vijana kuwa wakali, na zile za mpira wa miguu au mbio za magari zikaonekana hazina madhara.

Mwaka 2011, watafiti Paul Adachi na Teena Willoughby wa Chuo Kikuu cha Brock, Kanada, walilipima wazo hilo kwa njia ambayo hata mpishi angeielewa. Waliwapa wanafunzi gemu za aina mbalimbali, kisha wakawataka wamwandalie mtu mwingine kikombe cha pilipili, huku wakijua kwamba mtu huyo hapendi vyakula vikali. Kiasi na ukali wa pilipili waliyomimina ndivyo vilivyochukuliwa kuwa kipimo cha ubaya wa moyo.

Waliocheza gemu zenye ushindani mkali walimimina pilipili kali zaidi, iwe gemu hiyo ilikuwa ya ngumi na damu au ya mbio za magari tu. Waliocheza gemu ya mapigano isiyo na ushindani mkubwa hawakufanya hivyo. Kwa maneno mengine, gari lililopitwa kwenye kona lilichochea zaidi kuliko risasi.

Miaka mitatu baadaye, Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzake walisogeza hoja mbele. Miongoni mwa majaribio yao, walichukua gemu isiyo na mpiganaji hata mmoja, Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyoanguka, na kuifanya iwe ngumu kupita kiasi. Washiriki walioshindwa kuimudu walionyesha hisia za ukali zaidi kuliko waliocheza ile ya kawaida.

Kinachowasha moto, kwa mujibu wa watafiti hao, ni mtu kujiona hawezi. Mwaka 2019 Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti mwingine uliohusisha vijana wa Uingereza 1,004 wenye umri wa miaka 14 na 15, na hawakuona uhusiano kati ya muda ambao vijana hao walitumia kwenye gemu za kikatili na tabia yao ya ukali.

Wapo wanasayansi wasiokubaliana nao, na mjadala kuhusu maudhui haujafungwa. Lakini kwa anayetaka kuelewa kwa nini mtu mpole anarusha simu kitandani baada ya mechi ya soka, ambayo haina bunduki wala panga, ushindani na kushindwa vinaeleza mengi zaidi kuliko damu.

Ngazi isiyo na mwisho

Hapa inafaa kueleza jinsi gemu hizi zinavyowakutanisha wachezaji, kwa kuwa wengi huzicheza miaka mingi bila kulijua jambo hili.

Katika banda la mtaani, anayejua sana hushinda mechi nyingi na anayejifunza hufungwa nyingi. Kila mmoja anajua nafasi yake. Bingwa wa mtaa hubaki bingwa wa mtaa, na mdogo wake akifanikiwa kumfunga mara moja kwa mwezi, ataitangaza habari hiyo wiki nzima.

Mtandaoni mambo ni tofauti. Gemu nyingi za ushindani hutumia hesabu zenye asili katika mchezo wa sataranji. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, ndiye aliyebuni mfumo wa kumpa kila mchezaji alama kulingana na aliowashinda na waliomshinda, na Shirikisho la Sataranji la Marekani likaupokea mwaka 1960.

Kompyuta za kampuni za gemu hutumia mifumo ya ukoo huo kumtafutia kila mchezaji mpinzani wa kiwango chake. Akishinda mara kadhaa hupandishwa na kukutanishwa na wakali zaidi, akishindwa hushushwa. Matokeo yake ni kwamba mtu yeyote, awe hodari au wa kawaida, huishia kushindwa karibu nusu ya mechi zake.

Usawa huo una haki ndani yake, ila una ukatili wake pia. Kijana aliyekuwa akiwafunga wote mtaani anajikuta kila usiku anashinda moja, anapoteza moja, na alama zake zinaonekana kwenye skrini zikipanda na kushuka kama bei ya kahawa. Hakuna siku atakayofika juu na kupumzika. Yale mazingira ya kujiona hawezi, ambayo watafiti wa Oxford waliyatengeneza makusudi, mfumo unayaleta bila kukusudia, kila baada ya dakika chache.

Katika gemu za timu hali huwa mbaya zaidi. Watu wanne au watano wasiojuana hutupwa pamoja na kutakiwa kushirikiana mara moja. Wakishindwa, kila mmoja ameona makosa ya mwenzake kwa macho yake, na ya kwake anayo sababu yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya matusi katika gemu hizo haiendi kwa adui. Inaenda kwa mwenzako wa upande mmoja.

Mtandao unapokwama

Kwa mchezaji wa Kagera kuna chanzo cha hasira ambacho mwenzake wa Ulaya hakifahamu vizuri, nacho ni umbali.

Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na dunia yalitegemea zaidi setilaiti, na kucheza na mtu wa bara jingine ilikuwa karibu na muhali. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa ukitua Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Baadaye mkongo wa taifa uliifikisha huduma hiyo mikoani.

Lakini hata nuru ina mwendo wake. Ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Bukoba hadi Frankfurt, Ujerumani, ambako ni moja ya makutano makubwa ya intaneti duniani, ni zaidi ya kilometa 6,000 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60, na kwa kuwa nyaya hazipiti mstari ulionyooka, bali hushuka pwani kwanza na kuzunguka baharini, muda halisi huwa mrefu zaidi.

Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, na msomaji anaweza kuona ni kitu kidogo. Kwa mlinda mlango wa kwenye skrini ni tofauti ya kudaka na kufungwa. Mchezaji amebonyeza kwa wakati, na kwa macho yake mwenyewe ameuona mpira ukipita mikono ya kipa. Kwa aliye upande wa pili, aliyekwama ni mzembe tu.

Mkongo ukikatika, lawama huwa kubwa zaidi. Mei 12, 2024 hitilafu iliyotokea kwenye nyaya za EASSy na SEACOM iliathiri intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia. Katika gemu, anayetoweka katikati ya mechi kwa kawaida huhesabiwa kuwa amekimbia: hupoteza alama, na wenzake wa timu hubaki wakimlaani. Hakuna anayemuuliza kama bando limekwisha au umeme umekatika.

Jicho linalokosekana

Hasira, basi, ina vyanzo vya kutosha. Lakini watu hukasirika kila mahali, hata uwanja wa Kaitaba timu ya nyumbani inapofungwa. Kinachohitaji maelezo zaidi ni kwa nini mtandaoni hasira hiyo hutoka ikiwa uchi namna ile.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, aliandika makala ambayo bado hunukuliwa sana kuhusu jinsi watu wanavyolegeza breki za tabia wanapokuwa mtandaoni. Alitaja mambo sita, baadhi yakiwa kutojulikana jina, kutoonekana, kufifia kwa mamlaka, na ile dhana kwamba yanayosemwa humo ni ya dunia ya kuigiza isiyohusiana na maisha.

Kati ya hayo, ni lipi lenye nguvu kuliko mengine? Wengi wangejibu haraka: jina. Mtu akijificha nyuma ya jina la kubuni husema lolote. Watafiti wawili wa Israeli, Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, walilichunguza swali hilo mwaka 2012 kwa kuwakutanisha washiriki 142 wawili wawili katika mabishano ya mtandaoni, wengine wakijuana majina na wengine la, wengine wakionana na wengine la, na wengine wakitazamana machoni.

Kilichopunguza ukali zaidi hakikuwa jina. Kilikuwa macho. Waliotazamana jicho kwa jicho walitukanana kidogo, hata pale ambapo hawakujuana majina.

Matokeo hayo yanatoa mwanga mpya kuhusu lile benchi la bandani. Wachezaji wawili walioketi bega kwa bega hutazama skrini, lakini baada ya kila bao hugeuka. Anayefunga humtazama aliyefungwa, na katika tazamo hilo fupi anajua kama mwenzake anacheka au ameumia. Akiona ameumia, kejeli inayofuata huwa nyepesi. Mtandaoni kejeli haina cha kuipima, hivyo hurudiwa mpaka ijibiwe kwa nyingine kubwa zaidi.

Hata mwili wenyewe hutofautisha rafiki na mgeni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walizipima homoni za vijana wa kiume waliokuwa wakicheza gemu ya mapigano katika timu za watatu watatu. Waliochangia zaidi ushindi dhidi ya timu ngeni walipanda homoni ya testosteroni, ambayo huhusishwa na kutafuta ukubwa. Walipopambana na wenzao wa timu moja, hodari hao hawakupanda vivyo hivyo.

Kujigamba kwenye mipaka

Isidhaniwe kwamba Waafrika Mashariki walikuwa wapole katika michezo yao mpaka intaneti ilipofika. Kujigamba na kumkejeli mpinzani ni sanaa ya siku nyingi katika ukanda huu, na Kagera yenyewe ni mmoja wa wenyeji wake.

Wahaya wana tungo za majigambo ziitwazo ebyebugo, ambazo katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili zinajulikana kama vivugo. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mmoja wa wataalamu waliozitafiti sana tungo za Kihaya, amezieleza katika maandishi yake. Mwanamume alisimama mbele ya Mukama, mkuki mkononi, akajitaja kwa majina ya sifa na kuyatangaza matendo yake ya kishujaa, mengine yakiwa yametiwa chumvi ya kutosha.

Jambo la kuzingatia ni mazingira yake. Mwenye kujigamba alisimama wima, akaonekana na wote, na waliomsikiliza waliufahamu ukoo wake na walijua kama vita anavyovitaja alikuwapo au la. Aidha, alijisifu yeye. Thamani ya utungo wake ilikuwa katika ufundi wa lugha, si katika kumvunjia heshima aliyeketi kando yake.

Mfano wa karibu zaidi ni mipasho ya taarabu. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Dar es Salaam walifurika kumbini kushuhudia ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa akiwa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili. Maneno yaliyorushwa yaliuma. Lakini yalipitia kwenye mafumbo, yalipigiwa ala, na mrushaji alisimama jukwaani chini ya taa.

Na juu ya yote kuna utani. Mashabiki wa Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyofuata mwaka 1936, huambiana maneno ambayo mgeni angedhani ni tangazo la vita, kumbe ni watani wa jadi. Utani wa makabila ulikwenda mbali zaidi: mtani anayekukejeli msibani ndiye huyo huyo anayewajibika kusaidia mazishi. Ruhusa ya kutukana ilinunuliwa kwa wajibu.

Kwa kipimo hicho, tatizo la gemu za mtandaoni si kwamba zimewafundisha vijana kejeli. Kejeli walikuwa nayo. Gemu hizo zimeihamisha mahali ambapo wajibu uliokuwa ukiandamana nayo haukuhama. Mgeni wa usiku wa manane si mtani wa mtu, hatakwenda kwenye msiba wa mtu, na mechi ikiisha hataonekana tena.

Tofauti hii inaonekana hata kwa vijana wanaocheza mtandaoni na marafiki wa mtaa mmoja, kila mtu akiwa kwake. Maneno yao ni makali, pengine makali kuliko ya wageni, lakini huishia kwenye kicheko, kwa sababu kila mmoja anajua kesho atamkuta nani kijiweni.

Wanaolipa zaidi

Walio wepesi kushauri kwamba matusi yapuuzwe mara nyingi ni wale wasiotukanwa sana. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika gemu ya Halo 3. Waliingia mchezoni wakitumia sauti zilizorekodiwa, nyingine ya mwanamume na nyingine ya mwanamke, zikisema maneno yale yale yasiyo na uchokozi.

Sauti ya mwanamke ilipokea maneno mabaya mara tatu zaidi ya sauti ya mwanamume. Mwaka 2015 Kuznekoff na Michael Kasumovic walizichambua tena mechi hizo, wakaona jambo linaloendana na utafiti wa Oxford: wanaume waliocheza vibaya ndio waliokuwa wakali zaidi kwa sauti ya mwanamke. Walio hodari walikuwa wapole kwake. Aliyehisi nafasi yake inaporomoka alimtafuta mtu wa kumshusha chini yake.

Wachezaji wengi wa kike duniani hujilinda kwa kuzima kipaza sauti au kutumia majina yasiyoonyesha jinsia. Kinga hiyo ina gharama, hasa katika gemu za timu, maana asiyezungumza hawezi kupanga mbinu na wenzake.

Wapo waliokataa kujificha. Nchini Kenya, Sylvia Gathoni, anayejulikana mchezoni kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na kikundi cha kimataifa cha XiT Gaming kupitia gemu ya ngumi ya Tekken 7. Ni vigumu kukadiria ni wasichana wangapi wenye uwezo kama wake walioacha baada ya mechi chache, kwa kuwa anayeacha haonekani kwenye orodha ya washindi.

Kilichosaidia

Kampuni za gemu zilichelewa kulichukulia jambo hili kwa uzito, na zilipoanza kufanya hivyo zilisukumwa pia na biashara, kwani mchezaji anayetukanwa kila siku hatimaye huondoka na fedha zake. Riot Games, watengenezaji wa League of Legends, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuajiri wanasayansi wa tabia.

Uchunguzi wao ulileta jambo ambalo halikutarajiwa. Watukanaji sugu walikuwa takriban asilimia moja ya wachezaji, na walisababisha karibu asilimia tano tu ya lugha chafu yote. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Kuwafungia watukanaji sugu, ambalo ndilo jambo la kwanza kila mtu hulipendekeza, kusingetosha.

Jaribio lililofanikiwa zaidi lilikuwa dogo hata kuchekesha. Kampuni hiyo ilizima mazungumzo kati ya timu pinzani, lakini ikamwachia kila mchezaji uwezo wa kuyawasha mwenyewe akitaka. Wengi waliyawasha, na kiasi cha mazungumzo hakikupungua. Hata hivyo, kwa mujibu wa maelezo ya kampuni hiyo ya mwaka 2013, mazungumzo mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30 na yenye heshima yakaongezeka kwa karibu asilimia 35.

Kubonyeza kitufe kimoja kabla ya kusema kulitosha kumrudishia mtu sekunde chache za kufikiri. Kwenye benchi la bandani sekunde hizo hutolewa bure na zamu ya mwingine: aliyefungwa anasimama, anakabidhi padi, anakwenda nyuma ya foleni, na mpaka zamu yake irudi hasira imepoa. Simu haina foleni. Kitufe cha kuanza mechi nyingine hujitokeza papo hapo, na anayekibonyeza akiwa bado anatetemeka anaingia na kinyongo cha mechi iliyopita kwa mtu ambaye hakumkosea.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kifungu chake cha 23 kinakataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia mtu maumivu ya kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote kwa pamoja.

Hakuna kinachoiondoa gemu kwenye kifungu hicho. Kijana anayedhani kwamba vitisho alivyoviandika ni sehemu ya mchezo anaweza kushangaa. Hata hivyo, mtukanaji akiwa nchi nyingine na akitumia jina la kubuni, kumfikia ni kazi nyingine kabisa, na polisi wana mengi ya kufanya kuliko kumsaka aliyekasirishwa na penalti.

Linabaki suala la lugha. Vichujio vya maneno katika gemu nyingi vilitengenezwa kwanza kwa Kiingereza, na kichujio cha orodha hutambua tu maneno yaliyomo kwenye orodha yake. Aliyetukanwa kwa Kiswahili au kwa Kihaya hawezi kutegemea kwamba kompyuta imeona kilichotokea. Neno mbwa, ambalo mtaani lingetosha kuleta ugomvi wa koo mbili, humo linaweza kupita kama jina la mnyama tu, au lisisomeke kabisa.

Kitufe cha kunyamazisha, kwa upande wake, hakihitaji kujua lugha yoyote. Kipo katika gemu nyingi za aina hii, kwa kawaida karibu na jina la mchezaji, na katika baadhi yake mtu anaweza kuyazima mazungumzo ya wageni kwenye mipangilio kabla mechi haijaanza, akabaki kusikilizana na marafiki zake peke yao.